Thamani za nota: kwa nini unamaliza kabla ya mwenzako

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina miezi minne najifunza kinanda na nadharia ya muziki peke yangu. Jedwali la thamani za nota nimelikariri: semibrivi mapigo manne, minimu mawili, krocheti moja, kweva nusu. Nikipiga peke yangu naona niko sawa, lakini nikipiga na mwenzangu huwa namaliza kabla yake, naye anasema nakimbia. Je, krocheti ni sekunde moja? Nota yenye nukta naihesabuje? Kwa nini kuna 3/4 na 6/8 wakati zote zina kweva sita? Na karatasi moja ninayotumia haina tarakimu mwanzoni, ina alama kama herufi C. Ina maana gani?

Jibu: Marahaba. Nashukuru umemtaja mwenzako, maana bila yeye ningebahatisha tu. Ninavyokusoma, sidhani kama unakimbia. Mtu anayekimbia huenda kasi kila mahali, na yeye mwenyewe huhisi mikono inamponyoka. Wewe unajiona uko sawa, halafu unafika mwisho kabla ya mwenzako. Mtu wa namna hiyo mara nyingi ana kosa moja tu: anazikata nota ndefu. Jirekodi kwa simu ukipiga wimbo wenye minimu na semibrivi nyingi, kisha sikiliza huku ukigonga meza kwa kidole, mapigo yaliyo sawa. Nadhani utakuta nota fupi ziko mahali pake, na kila baada ya nota ndefu kidole chako na kinanda vimeachana kidogo.

Nianze na sekunde, kwa sababu hapo ndipo mengine yote yanapokaa vizuri au vibaya.

Krocheti si sekunde moja. Krocheti haina sekunde yoyote ndani yake, na nota nyingine hazina pia. Inachokuambia nota ni uhusiano wake na nota nyingine: minimu ni ndefu mara mbili ya krocheti, kweva ni nusu ya krocheti, basi. Muda halisi unatoka kwenye mwendo wa wimbo. Ukiona juu ya karatasi pameandikwa alama ya krocheti kisha = 60, maana yake krocheti 60 zinaingia katika dakika moja, na hapo tu ndipo krocheti inakuwa sekunde moja. Ikiwa ni 120, krocheti ni nusu sekunde, na semibrivi nzima imekwisha kwa sekunde mbili. Kumbe kweva ya wimbo wa 60 ina urefu uleule wa krocheti ya wimbo wa 120. Mtu aliyeaminishwa kwamba krocheti ni sekunde atavurugikiwa kila akibadilisha wimbo.

Historia inatusaidia hapa. Nadharia ya kwamba umbo la nota lenyewe ndilo linaloonyesha urefu wake iliwekwa wazi katika karne ya 13, hasa katika maandishi ya Franco wa Cologne, mwananadharia wa muziki. Metronomu, kile chombo cha kugonga mapigo kwa idadi maalumu kwa dakika, Johann Maelzel aliisajili mwaka 1815. Kwa zaidi ya miaka 500 katikati, watu waliandika na kusoma thamani za nota bila kipimo cha namna hiyo, na muziki ulikwenda. Hata jina la semibrivi linasimulia jambo hilohilo. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni nusu ya nota "fupi". Zamani ilikuwa miongoni mwa nota za haraka; leo ndiyo ndefu kuliko zote tunazokutana nazo kila siku. Jina lilibaki, sekunde zikabadilika, na uhusiano wake na nota zinazoizunguka ndio ulioendelea kutupa maana.

Sasa twende kwenye nota ndefu zenyewe. Chukua kipimo kimoja cha mapigo manne chenye minimu mbili. (Kipimo ni kile chumba kati ya mistari miwili ya wima.) Unahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Unabonyeza kitufe unaposema "moja". Swali langu: unakiachia lini?

Wanafunzi wengi hujibu "nikisema mbili", kwa sababu minimu ni mapigo mawili na wao wamekwisha kutaja mawili. Lakini kutoka "moja" hadi "mbili" ni pigo moja tu limepita. Ukisema "mbili", pigo la pili ndiyo kwanza linaanza. Halitakwisha mpaka "tatu" itamkwe. Fikiria ua wenye nguzo tano zilizopangwa mstari: nafasi kati ya nguzo ni nne. Sauti ya kuhesabu ni nguzo. Pigo ni nafasi inayofuata nguzo hiyo. Kwa hiyo minimu iliyoanza kwenye "moja" inaishia pale "tatu" inapoanza, na semibrivi iliyoanza kwenye "moja" inaishia kwenye "moja" ya kipimo kinachofuata, si kwenye "nne".

Ukiwa peke yako kosa hili halionekani, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye saa. Unafika "nne", moyo unakuambia semibrivi imekwisha, unaingia nota inayofuata mapema kidogo, na hesabu yako inakusogelea ikufuate. Unapoteza robo ya pigo hapa, nusu pale. Mwenzako hakufuati, yeye anashika mapigo yake hadi mwisho, na ndiyo maana mnaachana. Mimi kosa hili lilikaa nami karibu mwaka mzima. Mwalimu aliyenitoa hapo alinizuia kugusa kinanda kwa wiki mbili: nilitakiwa kuimba tu, huku mkono ukipiga paja kila pigo, na sauti isikatike mpaka mkono uguse paja kwa pigo linalofuata. Niliona ananichelewesha. Leo ndilo zoezi la kwanza ninalompa kila anayeanza.

Kama umewahi kusoma sol-fa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi za do, re, mi, hapa una msaada mkubwa ambao huenda hukuutambua. Katika maandishi yale yaliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, nukta pacha hutenganisha pigo na pigo, na sauti ikiendelea kwenye pigo jingine huwekwa kistari. Kwa hiyo minimu ya do huandikwa hivi:

d : –

Kile kistari ni pigo kamili. Lina nafasi yake kwenye karatasi na macho yanalipita kama yanavyopita herufi. Kwenye mistari mitano inayoandikiwa nota hakuna kistari. Kuna kichwa kimoja cha nota kilicho wazi, chenye mkia, halafu nafasi tupu. Macho yanaona nafasi tupu na kuiruka. Kwa wiki ya kwanza, chukua penseli na uweke vistari vyako mwenyewe: kimoja baada ya kila minimu, viwili baada ya minimu yenye nukta, vitatu baada ya semibrivi. Utavifuta baadaye.

Nije kwenye kitu ninachokipenda sana katika somo hili, na ambacho anayejifunza kwa Kiswahili anakipata bure. Tamka polepole: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Kila namba ina silabi mbili. Hata nne, kwa kuwa ile n ya mwanzo ni silabi kamili inayojitegemea. Endelea: ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa, ku-mi. Hakuna hata moja iliyotoka nje. Tena mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika neno la silabi mbili hiyo ndiyo ya kwanza: MO-ja, MBI-li. Mkazo unaangukia pigo lenyewe, na silabi nyepesi inaangukia katikati ya pigo. Hizo ni kweva mbili ndani ya krocheti moja, na umekuwa ukizitamka tangu ulipojifunza kuhesabu. Lugha ambazo namba zake nyingi ni za silabi moja hulazimika kuchomeka neno dogo katikati ili kupata ile nusu ya pigo. Wewe hulihitaji.

Sharti ni moja: silabi zote ziwe na urefu sawa, kama unavyopanga mizani ya shairi kwa kugonga kidole. Usiivute MO na kuimeza ja.

Ukiweza hivyo, nota yenye nukta inakoma kuwa fumbo. Kanuni umekwisha kuisoma: nukta iliyowekwa kuliani kwa kichwa cha nota huiongezea nusu ya thamani yake. Minimu yenye nukta ni mapigo mawili kuongeza moja, matatu. Krocheti yenye nukta ni pigo moja na nusu. Hiyo "na nusu" ndiyo huwashinda watu, kwa sababu wanaitafuta kwa hesabu wakati vidole vinataka kitu cha kusema. Ihesabu kwa silabi. Pigo moja ni silabi mbili. Pigo moja na nusu ni silabi tatu: mo-ja-mbi. Basi krocheti yenye nukta inashikwa kwa mo-ja-mbi, na kweva inayoifuata inaangukia li. Nitaandika kwa herufi kubwa silabi unayobonyeza, na kwa ndogo zile unazoshikilia tu:

MO-ja-mbi-LI TA-tu-n-ne

Hapo una krocheti yenye nukta, kweva, kisha minimu. Kipimo kizima cha mapigo manne. Kitamke mara kumi ukipiga kofi kwenye herufi kubwa, halafu ndipo uende kwenye kinanda. Angalia mbi isikudanganye: ina mkazo wa kusemwa, na mkono utataka kubonyeza. Ule mvutano unaousikia, pigo la pili kupita huku kidole kimetulia, ndio utamu wenyewe wa nota hii. Ukiuondoa, wimbo unalala.

(Nukta iliyo juu au chini ya kichwa cha nota ni kitu kingine kabisa. Hiyo inakuambia uikate nota iwe fupi na ya kudunda, na haiongezi chochote.)

Jaribu sasa vipimo viwili mfululizo. Cha kwanza kina krocheti, kweva mbili, na minimu:

MO-ja MBI-LI TA-tu-n-ne

Cha pili kina krocheti yenye nukta, kweva, krocheti, na kimya cha krocheti:

MO-ja-mbi-LI TA-tu (n-ne)

Mabano ni kimya. Hapo kidole kinainuka, lakini mdomo hauachi kuhesabu. Kimya kina thamani kama nota. Kina urefu, kina mwanzo, kina mwisho, na kinaishia palepale nota ingeishia: kwenye "moja" inayofuata. Anayekata nota ndefu hukata na vimya pia, kwa sababu ileile. Kuhusu maumbo yake, viwili vinavyochanganywa ni kimya cha semibrivi na cha minimu, vyote vikiwa kipande kifupi kinene cheusi. Cha semibrivi kinaning'inia chini ya mstari wa nne kutoka chini. Cha minimu kinakaa juu ya mstari wa tatu. Kile kinachoning'inia hutumika pia kuonyesha kimya cha kipimo kizima, hata kama kipimo hicho kina mapigo matatu.

Kwa semikweva, nne ndani ya pigo moja, tumia neno taratibu: ta-ra-ti-bu, ukiupeleka mkazo kwenye TA badala ya TI. Ukibonyeza zote nne umepata semikweva nne. Ukibonyeza TA, TI na BU, umepata kweva na semikweva mbili. TA, RA na TI: semikweva mbili na kweva. TA na BU peke yake: kweva yenye nukta na semikweva. Usilifikie hili kabla vile vipimo viwili vya juu havijatulia.

Sasa 3/4 na 6/8. Swali lako ni zuri, na kama kuna aliyekuambia "ni sehemu, zikirahisishwa zinalingana", alikupoteza. Hizi si sehemu za hesabu na hazirahisishwi. Tarakimu ya juu inasema kuna vingapi katika kipimo, ya chini inasema ni vya aina gani: 4 ni krocheti, kwa kuwa nne zinajaza semibrivi moja, 8 ni kweva, 2 ni minimu. Kwa hiyo 3/4 ni krocheti tatu, na 6/8 ni kweva sita. Ni kweli kwamba urefu wa jumla ni uleule. Kinachotofautiana ni mahali mkazo unapoanguka, na masikio yanasikia mkazo kabla ya kusikia jumla.

Tamka hivi, silabi sita zilizo sawa:

MO-ja MBI-li TA-tu

Mikazo mitatu, kila mmoja na silabi mbili. Hiyo ni 3/4. Sasa tamka silabi sita nyingine, kwa kasi ileile:

MO-ja-na MBI-li-na

Mikazo miwili, kila mmoja na silabi tatu. Hiyo ni 6/8. Gonga mguu kwenye herufi kubwa na ubadilishane: mara nne ya kwanza, mara nne ya pili, bila kusimama katikati na bila kubadilisha kasi ya silabi. Mguu ndio utakaokuonyesha tofauti, kwani katika 3/4 unashuka mara tatu na katika 6/8 mara mbili. Ndiyo maana katika 6/8 pigo unalolihisi ni krocheti yenye nukta, ile yenye kweva tatu ndani yake, isipokuwa wimbo ukiwa wa polepole sana ambapo huhesabiwa sita. Mwandishi wa muziki naye anakusaidia kwa namna anavyounganisha mikia ya kweva: katika 6/8 kwa kawaida zinafungwa tatu tatu, katika 3/4 mbili mbili au zote sita pamoja. Kabla ya kuhesabu chochote, tazama vifungu.

Utaniuliza kwa nini sikukupa neno la silabi tatu kama baraka au safari. Nililitumia zamani na wanafunzi wakapotea. Mkazo wa ba-RA-ka uko katikati, kwa hiyo mdomo unavuta pigo hadi silabi ya pili na ile ya kwanza inabaki nje ya mlango. Lakini kosa hilo lina somo ndani yake. Kuna nyimbo nyingi zinazoanza hivyohivyo, kwa nota moja au mbili kabla ya pigo la kwanza lenye uzito. Ukikuta kipimo cha mwanzo hakijatimia, ni "ba" hiyo inayotangulia. Anza kuhesabu kimoyomoyo kabla yake, ili "moja" ikute nota sahihi. Mara nyingi kipimo cha mwisho cha wimbo nacho kitapungukiwa kwa kiasi hichohicho.

Ile alama kama C inasomwa kama 4/4, na haikuanza kama herufi. Wanamuziki wa Ulaya wa zama za kati waliona mgawanyo wa tatu ndio kamili, wakauhusisha na Utatu Mtakatifu, wakauandikia duara. Mgawanyo wa mbili ukaitwa usiokamilika, ukapewa duara lililokatwa upande. Duara hilo lililokatwa ndilo unaloliona kwenye karatasi yako. Ukilikuta limepigwa mstari wa wima katikati, soma 2/2: pigo linakuwa minimu, na kipimo kinahesabiwa "moja, mbili" badala ya hadi nne.

Kwa wiki tatu zijazo, ningekuwa karibu nawe ningekufanyisha hivi. Chagua wimbo mmoja rahisi unaoujua, uweke metronomu kwenye 60, na usiuguse kinanda. Imba silabi za namba kwa mahadhi ya wimbo huo huku mkono ukipiga paja. Siku mbili za hivyo zinatosha. Kisha piga kwa mkono mmoja, ukihesabu kwa sauti inayosikika. Kuhesabu kimoyomoyo kunaruhusu kudanganya bila kujua, hasa kwenye nota ndefu. Ukiweza mara tatu mfululizo bila kuachana na metronomu, punguza mwendo hadi 50, usiupandishe. Nota ndefu zinakuwa ngumu zaidi mwendo ukiwa wa taratibu, kwa kuwa nafasi ya kukosa subira inakuwa kubwa, na hapo ndipo palipo na kazi yako.

Halafu mrudie mwenzako, lakini msipige pamoja kwanza. Yeye apige makofi ya mapigo tu, manne kwa kila kipimo, nawe upige wimbo. Kisha mbadilishane. Mkija kupiga pamoja, mwekeane ahadi moja: kwenye kila semibrivi, wote wawili mseme "nne" kwa sauti, na asiwepo wa kuinua kidole kabla ya "moja". Ukijikuta umepotea katikati, usirudi mwanzo wala usimkimbilie. Inua mikono, sikiliza "moja" yake ilipo, uingie nayo.